Kidole cha Barabarani

Kila asubuhi, saa kumi na moja na nusu, Arlys Dreiling huinua kidole. Wakati huo huwa ndani ya gari lake la buluu, anakwenda shuleni kupika, na Barabara ya Tisa imenyooka mbele yake kama uzi uliovutwa, ngano kulia, ngano kushoto. Akiona taa za gari zinamjia, husubiri zikaribie, kisha bila kuachia usukani huinua kidole cha shahada na kukishusha. Dereva wa upande wa pili naye huinua chake. Basi, wameshaamkiana. Katika kaunti ile ya magharibi mwa Kansas, asiyeinua kidole ama ni mgeni, ama ana jambo zito nyumbani, na kabla ya adhuhuri watu watakuwa wameshaulizana ni jambo gani.

Gari analokutana nalo zaidi ni pikapu ya kijivu. Hukutana nayo karibu na maghala ya nafaka, yeye akienda kusini, pikapu ikienda kaskazini, na imekuwa hivyo kwa miaka tisa. Dereva wake huvaa kofia pana iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Kidole anachoinua ni kifupi, kimekatika kwenye kiungo cha katikati; huenda kilinaswa na kamba siku moja alipokuwa akimfunga ng'ombe mkaidi. Arlys hajui jina lake wala anakoishi. Anachojua ni kwamba asubuhi ambayo kidole kile hakikupita, yeye hufika jikoni na wasiwasi usio na mwenyewe, na huwauliza wenzake kama wamesikia ajali yoyote.

Ana miaka sitini na mmoja, na kwa ishirini na sita ya hiyo amewapikia watoto wa shule. Siku ya Jumanne hupika maharage ya nyama na pilipili, yanayoliwa na mikate ya mdalasini, na siku hiyo hakuna mtoto anayeugua. Watu humjua kwa mikate hiyo, na kwa kushindwa kujibu swali kwa kifupi.

Kulikuwa na jambo moja alilolitamani ambalo wenzake wengi hulikimbia. Alitaka kukaa kwenye baraza la mahakama, kuwa miongoni mwa wale raia kumi na wawili wanaosikiliza kesi kisha wakaamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Majina huokotwa kwa bahati nasibu na watu huitwa kwa barua. Mumewe Leon aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alinung'unika kwa sababu ilikuwa msimu wa mavuno. Fundi wa matrekta aliitwa akatafuta barua ya daktari kuhusu mgongo. Arlys, tangu apate umri wa kupiga kura, hakuwahi kuitwa. Mwaka mmoja alipiga simu mahakamani kuuliza kama jina lake halikuangukia nyuma ya kabati. Karani alicheka, akamhakikishia kwamba lipo, asubiri zamu yake.

Angeweza kuvumilia, lakini alikuwa na wifi. Verlene, dada yake Leon, alikwisha kuchaguliwa mara mbili. Siku za kesi zake alikuwa akija jikoni kwa Arlys jioni, anavuta kiti, anakoroga kahawa ambayo haikutiwa sukari. Arlys akimuuliza kesi inaendaje, Verlene alikuwa akinyanyua nyusi, akatazama dirishani, halafu akasema taratibu, "Siruhusiwi kusema, wifi." Kisha anakunywa. Kesi ya kwanza ilichukua siku mbili, ya pili siku tano, na Arlys aliyasikia maneno hayo jioni zote saba. Kesi zikaisha, Verlene akawa ameruhusiwa kusema, na bado hakusema.

Kwa hiyo barua ya wito ilipofika mwezi Machi, Arlys aliifungua pale pale kwenye sanduku la posta kando ya barabara, upepo ukitaka kumpokonya. Aliisoma amesimama. Akaingia ndani, akamsomea Leon yote, pamoja na maelezo ya mahali pa kuegesha magari.

Leon alimpa ushauri mmoja tu: ajibu ndiyo au hapana, asianze kueleza.

"Kwani mimi huwa naeleza?" Arlys aliuliza.

"Juzi nilikuuliza saa ngapi. Ukaniambia saa ya ukutani alituletea nani na kwa nini hamsemezani siku hizi."

Verlene naye alipiga simu. Yeye alikuwa na ujuzi, na hakuficha kwamba alikuwa nao. Alisema mawakili huuliza maswali asubuhi nzima, na kila anayejibu kwamba anajua kitu au anamjua mtu hushukuriwa na kurudishwa nyumbani. "Ukitaka kiti usimjue mtu, usijue jambo," alisema. "Wanatafuta mtu mweupe kichwani. Na hapo wifi yangu una bahati, umezaliwa hivyo."

Arlys alicheka, kwa sababu wifi ni wifi. Lakini usiku huo, akipiga mswaki, alijitazama kwenye kioo akajizoeza kusema ndiyo, kisha hapana, kisha ndiyo tena, bila kuongeza neno.

Siku yenyewe alipiga pasi blauzi yake mara mbili na kufika saa moja kabla ya wakati. Mahakama ile ya mawe ya manjano alikuwa ameipita maisha yake yote akienda kulipia namba za gari, ila ghorofa ya juu hakuwahi kuikanyaga. Alipopanda ngazi moyo ulimdunda kama wa bibi harusi. Walikuwa watu arobaini na wawili, wengi wao wakitazama saa na kuhema kwa karaha. Yeye alichagua benchi la mbele.

Waliapishwa wote pamoja, mikono juu, kwamba maswali watakayoulizwa watayajibu kwa ukweli. Arlys aliitika kwa sauti iliyowafanya wawili wageuke. Kisha jaji Ostmeyer, mzee mwenye masharubu makubwa na suti iliyotokeza chini ya joho, akaeleza kesi. Bwana Gerard Stecklein, wa upande wa kaskazini ya mto, alishtakiwa kwamba alichukua ndama sita wa jirani yake na kuwapiga chapa yake mwenyewe. Mshtakiwa akaambiwa asimame.

Alisimama mtu mrefu ndani ya suti ya kahawia iliyomzidi mikono. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua, lakini kuanzia kwenye nyusi kwenda juu ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga, kama ulivyo uso wa mwanamume yeyote wa pale akiamriwa kuvua kofia. Jaji akauliza nani anamjua. Mikono michache ilipanda: binamu yake, mwanamke aliyesoma naye, mwanamume aliyewahi kumuuzia fahali. Walishukuriwa wakaenda zao, na mmoja wao alitembea kwa furaha mpaka mlangoni. Arlys alimtazama mshtakiwa vizuri, akajiuliza, na moyo wake ukamjibu kwamba hamjui. Hakuinua mkono.

Kisha karani akaanza kuchota majina kwenye kisanduku cha mbao. La Arlys lilikuwa la saba. Alikwenda kukaa kwenye viti vya baraza, viti vya kuzunguka vya ngozi, na alilazimika kushika kingo za kiti asijizungushe kama mtoto.

Maswali yalimjia, naye akayajibu kama alivyojizoeza. Ana ndugu polisi? Hapana. Amewahi kushtakiwa? Hapana. Anaweza kukaa siku nne bila kuathirika kazini? Ndiyo, watoto wangekula mikate ya dukani, lakini hilo hakuliongeza. Mwendesha mashtaka aliridhika, akageuza ukurasa, akauliza swali la mwisho kama mtu anayemalizia tu: je, amewahi kuibiwa?

Arlys alifungua mdomo aseme hapana. Hapana haikutoka.

"Ndiyo," alisema. "Bakuli."

Mwendesha mashtaka alinyanyua kichwa. Bakuli gani? Basi ikabidi aeleze. Bakuli la kioo la kuokea, lenye kifuniko, alilolipeleka na tambi za kuku kwenye chakula cha msiba wa mzee Basgall, miaka kumi na minne iliyopita. Chini yake alibandika kipande cha selotepu chenye jina lake, kama kila mtu, na wenzake wote walirudishiwa vyombo vyao. Jaji aliuliza, masharubu yakitikisika kidogo, kama mwizi alipata kujulikana.

"Anajulikana, Mheshimiwa. Ni wifi yangu. Huwa naliona akiwa na wageni."

Chumba kizima kilicheka. Mwendesha mashtaka akauliza kama kuibiwa huko kumemfanya awachukie watuhumiwa wa wizi. Arlys alifikiri, akasema hapana, kwa kuwa wifi huyo kila Jumapili anakula kwake.

Sasa ikawa zamu ya wakili wa utetezi, Bi Calloway, kijana aliyetoka mji wa Wichita na viatu visivyofaa kwa matope ya pale. Kabla ya kusimama alimmiminia mteja wake maji kwenye kikombe cha karatasi. Gerard Stecklein hakusema ahsante. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya meza, na bila kuondoka mezani ulinyanyua kidole, ukakishusha.

Kilikuwa kidole kifupi, kilichokatika kwenye kiungo cha katikati.

Arlys aliinama mbele. Alikitazama kile kidole, akatazama paji la uso jeupe, akalivika kofia kwa mawazo, na hapo hapo akaiona Barabara ya Tisa na taa zikija. Miaka tisa. Alikuwa amemwamkia mtu huyu mara nyingi kuliko alivyowaamkia ndugu zake mwenyewe, na saa moja iliyopita alikuwa ameacha mkono chini kana kwamba hamjui.

Bi Calloway alimuuliza mawili matatu madogo, akamjibu ndiyo na hapana bila kusikia vizuri. Kichwani alikuwa anabishana. Kwani kumjua mtu ni nini? Jina lake amelisikia leo. Sauti yake hajaisikia hata sasa. Na bwana huyo hamkumbuki Arlys. Amempitishia macho asubuhi yote kama anayetazama ukuta. Hakuna mtu ndani ya chumba kile, hata mwenye kidole mwenyewe, anayeweza kujua. Kiti kilikuwa chini yake, laini, kinazunguka. Mawazoni alimwona Verlene jikoni kwake akikoroga kahawa. Usimjue mtu, wifi. Usijue jambo.

"Ahsante, Bi Dreiling," wakili alisema, akageukia kiti cha nane.

Arlys akainua mkono wote.

"Mheshimiwa, nilijibu vibaya pale mwanzo," alisema. "Yule bwana namjua. Jina sikulijua. Ila tangu miaka tisa kila asubuhi namwonyesha kidole, na yeye ananionyesha chake."

Bi Calloway aliweka kalamu chini, polepole. Akauliza kwa uangalifu mkubwa kama Bi Dreiling na mteja wake wana ugomvi wa muda mrefu.

"Ugomvi? Hapana. Ndiyo maana namwonyesha kidole."

Nyuma mtu alianza kucheka, akajikohoza. Kicheko kikahamia benchi jingine. Wakili yule wa Wichita alikuwa amekuwa mwekundu hadi shingoni, akamwomba shahidi, samahani, mwananchi huyu, aeleze ni kidole kipi, cha shahada au kile cha kati cha kutukania. Arlys alishika usukani usiokuwepo na kuinua kidole cha shahada. Na kule mezani Gerard Stecklein, ambaye sasa alikuwa amegeuka na kumkodolea macho kama aliyeona gari la buluu likiingia mahakamani, aliinua chake kabla hajajizuia. Wakili wake aliushika mkono wake na kuulaza.

Jaji alisubiri watu watulie, akamfafanulia Bi Calloway desturi hiyo kwa ajili ya kumbukumbu za mahakama. Kisha akauliza, kwa haki, kama kuna mwingine aliyewahi kumwinulia kidole dereva wa pikapu ya kijivu kwenye Barabara ya Tisa. Mikono kumi na minne ilipanda. Mzee mmoja wa benchi la nyuma, aliyekuwa akisinzia, aliuliza kwa sauti, "Kama kuinua kidole ni kumjua mtu, basi mimi nawajua hata wapita njia. Tutabaki na nani?" Jaji alijikuna kidevu, akakiri kwamba swali hilo analo yeye pia, maana akiwaondoa wote wanaoinua vidole atalazimika kuomba wajumbe kutoka jimbo jingine.

Akaamua kwamba kidole peke yake hakimwondoi mtu. Ila mawakili wanaweza kuuliza.

Bi Calloway alikuja karibu, akasimama mbele ya kiti cha saba. Hakuwa anatabasamu. Alimuuliza Arlys kama, ushahidi ukionyesha kwamba bwana huyu alichukua ndama wale, ataweza kusema ana hatia, halafu keshokutwa akutane naye pale kwenye maghala ya nafaka.

Leon angemwambia aseme ndiyo, akomee hapo.

"Nitasema ana hatia," Arlys alijibu. "Itanikaa vibaya tumboni, sitakudanganya. Lakini nitasema. Na ushahidi usipoonyesha, nitasema hana. Kidole nitainua vile vile, ni cha barabarani. Hapa si barabarani."

Wakili aliandika kitu kirefu. Hakuonyesha uso wa kupenda wala wa kuchukia.

Kisha kikafuata kitu ambacho Verlene hakuwahi kumsimulia: kimya. Karatasi ya majina ilipelekwa kwa mwendesha mashtaka, akakata la mjumbe asiyemtaka, ikapelekwa kwa utetezi, wakakata jina, ikarudi. Ilikwenda na kurudi hivyo hivyo, na watu wote waliobaki walisikia kalamu. Wenzake waliomba wakatwe. Arlys alikuwa amefumbata mikono mapajani, na kila kalamu ilipogusa karatasi alijisemea kwamba hilo ndilo jina lake. Alipolifikiria vizuri alijua kwamba ni mjinga mtu anayepata kiti halafu akakikabidhi kwa mkono wake. Akajaribu kujuta. Aliona ajabu kwamba hakuweza.

Karani alisimama na karatasi, akasoma. Mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwalimu wa muziki. Fundi wa matrekta, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona. Yule mzee wa benchi la nyuma, akalaani chini chini. Wa tisa, wa kumi. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili alikuwa kijana wa benki. Karani akanyamaza.

Arlys aliokota mkoba wake sakafuni. Alijiambia kwamba walau ameingia ghorofa ya juu.

"Na mjumbe wa akiba," karani aliendelea, akigeuza karatasi, "atakayesikiliza kesi yote na kuchukua nafasi ya yeyote atakayeugua: Arlys Dreiling."

Kiti cha kumi na tatu kilikuwa cha mbao, pembeni, karibu na bomba la joto lililokuwa likigonga. Hakizunguki. Arlys alikikalia kama kimewekwa pale kwa ajili yake tangu jengo lilipojengwa. Waliapishwa upya. Jaji akawaonya wote kumi na watatu kwamba tangu dakika hiyo hadi uamuzi utolewe wasizungumze habari za kesi na mtu yeyote, wala mume, wala mke, wala jirani, na alipofika hapo Arlys alitikisa kichwa kukubali kwa nguvu mpaka hereni moja ikadondoka. Mchana huo huo wakamsikiliza shahidi wa kwanza.

Saa kumi na mbili kasoro jioni alikuwa nyumbani. Leon, ambaye alijua sheria, hakuuliza kitu; alimpashia supu joto tu, na kila mara alimtazama, akatikisa kichwa, akatabasamu. Hawakuwa wamemaliza kula gari lilipoingia uani.

Verlene hakubisha hodi. Aliingia na bakuli la kioo mikononi, na kifuniko chake, akalibwaga mezani kati ya supu na mkate. Selotepu ilikuwa bado iko chini, imegeuka njano, na jina linasomeka.

"Watu watatu wamenipigia simu kabla ya saa sita," alisema. "Umenitangaza mwizi mbele ya jaji, wifi."

"Niliulizwa."

"Ungesema hujui."

"Nilikuwa nimeapa. Na najua."

Leon aliinamia sahani yake, mabega yakitikisika. Verlene alimtazama kaka yake, akamtazama Arlys, mwishowe akacheka yeye mwenyewe. Akavuta kiti. Arlys alimmiminia kahawa, akajimiminia na yake, akachukua kijiko akaanza kukoroga, ingawa naye sukari hakutia.

Walizungumza kidogo juu ya upepo, na juu ya mikate ya dukani ambayo watoto walikuwa wameikataa. Verlene alikuwa anazunguka mbali, na wote watatu walijua anazunguka nini. Alisogeza bakuli kidogo kushoto. Akalirudisha. Kisha akainama mbele, viwiko mezani, akashusha sauti kama mtu wa nyumbani anavyomuuliza mtu wa nyumbani.

"Haya, wifi. Wale ndama. Kawachukua au hakuwachukua?"

Arlys aliweka kijiko chini. Alinyanyua nyusi, akatazama dirishani kulikokuwa na ngano na barabara na taa za gari moja la mbali, na hakuwa na haraka yoyote.

"Siruhusiwi kusema," alijibu, akanywa kahawa yake.